Uvimbe wa maji korodanini na harusi ni Mfungo Mosi: nipasuliwe kwanza au nioe?

BARUA

Assalamu alaykum, Daktari.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mtu wa Lamu, kazi yangu bahari. Naendesha mashua ya ami yangu. Siku za wageni tunawapeleka Manda na Kipungani, siku nyingine tunabeba mchanga na mawe ya ujenzi. Naomba jina langu lisitajwe, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu amjua mwenziwe.

Baada ya Maulidi, Mfungo Sita, nilikuwa naoga nikagusa kitu kama punje ya mbaazi juu ya korodani ya kulia, upande wa nyuma. Nikikibonyeza taratibu hakiumi. Ni laini, chateleza kidogo chini ya vidole, na naona kimejitenga na korodani yenyewe. Usiku nilizima taa nikakimulika kwa tochi ya simu. Pakawa pekundu. Nikasema hii ni damu, na tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Nilijikaza nikaenda kupigwa altrasaundi. Karatasi niliyopewa yasema hivi: kifuko cha maji kichwani mwa epididimisi ya kulia, milimita 14 kwa 11, ukuta mwembamba, maji yake safi; korodani zote mbili ni za kawaida; hakuna maji yaliyozidi kuzunguka korodani. Aliyenipiga picha aliniambia "si kitu," akaita mtu mwingine. Nikatoka na karatasi yangu bila kujua kama niende kulia au kushoto.

Zahanati nyingine nilikoipeleka, mhudumu alisema aweza kunivuta maji kwa sindano siku ile ile kwa shilingi elfu sita, nirudi nyumbani kwa miguu yangu. Nikamuuliza, je, yatarudi? Akanyamaza, kisha akasema "inategemea." Rafiki yangu wa Malindi ashikilia kuwa dawa ni kisu tu, nikatwe yaishe. Naye ami, nilipomweleza kwa kuona haya, alisema hilo ni busha linaanza, kwani babu yetu alikuwa nalo mpaka akaacha kutoka kwenda msikitini. Ataka nimwendee mzee mmoja anayeumika, ambaye nasikia hutoboa kidogo mahali penye uvimbe na kuvuta.

Jambo linalonibana ni harusi. Posa imekubaliwa, mahari yamesemwa, nikaha ni Mfungo Mosi baada ya Idi. Mchumba wangu nampenda na sitaki kumpoteza. Nikipasuliwa, naogopa watanikata penye uzazi nisipate mtoto. Nisipopasuliwa, naogopa mwenyewe kifuko hiki kitaninyima mtoto, na isitoshe mke wangu atakigusa siku ya kwanza tu. Nimwambie? Neno likifika kwa mama yake kwamba "ana busha," posa yaweza kuvunjika. Nikinyamaza, najiona namficha mtu haki yake.

Jambo la mwisho. Siku nikivuta nanga au kupandisha foromali, ule mti wa tanga, huku kulia huja uzito fulani unaopanda hadi kinenani. Nikilala chali huondoka. Sina homa, na mkojo wangu ni wa kawaida.

Nisaidie, Daktari. Nimekuwa mtu wa kujishika kila saa.

*Mtu wa bahari, Lamu*

JIBU

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ahsante kwa kuninakilia karatasi ya picha neno kwa neno. Wengi huandika "nina uvimbe" wakaishia hapo, na kwa neno hilo peke yake mtu hasaidiki.

Nianze na ule wekundu, kwa kuwa ndio uliokunyima usingizi. Si damu. Mwanga mkali ukipita kwenye ngozi na maji safi hutokea upande wa pili ukiwa mwekundu, na ungeliona rangi hiyo hiyo ukiziba tochi kwa kidole chako. Damu iliyojikusanya, au nyama ngumu, huzuia mwanga pakabaki peusi. Basi ulichokiona kinakubaliana na picha: ndani mna maji. Ila tochi ina mpaka wake. Haikwambii maji yamekaa wapi, na utumbo ulioshuka kwa ngiri nao huweza kupitisha mwanga, hasa kwa watoto. Ndiyo maana altrasaundi ilikuwa lazima, nawe umekwisha kuipata.

Mahali penyewe ni hapa. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba mno uliojikunjakunja, ndio epididimisi. Ukikunjuliwa na kunyooshwa hufika karibu mita 6. Mbegu zikitoka korodanini huingia humo, hukomaa njiani, kisha huendelea kwenye mrija mnene unaopanda kinenani. Kifuko chako kimeota kichwani mwa mrija huo, yaani juu, na huko ndiko vingi vinakoota. Baadhi vina maji maangavu, baadhi vina maji ya rangi ya maziwa yenye mbegu ndani, na hivyo vya pili huitwa spematoseli. Kwa picha ni vigumu kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, wala haidhuru, kwa sababu hushughulikiwa kwa njia moja. Wanaume wazima wengi wanavyo bila habari, mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine. Si saratani na havigeuki kuwa saratani.

Maneno haya katika karatasi yako yana uzito kuliko mengine yote: "korodani zote mbili ni za kawaida." Saratani ya korodani, ambayo hupata zaidi vijana wa rika lako na walio jirani nalo, kwa kawaida huanza kama kitu kigumu ndani ya korodani yenyewe, si pembeni yake. Karatasi ingesema uvimbe uko ndani ya korodani, au kwamba una nyama ndani yake, ningekuomba usimalize wiki bila kuonana na daktari wa upasuaji, na upimwe damu ya AFP, beta-HCG na LDH, yaani alama za saratani hiyo katika damu. Haikusema hivyo.

Ami yako hakusema kwa ubaya, na maneno yake yana asili. Pwani yetu, tangu Kwale hadi Lamu, imeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi. Mbu huleta minyoo midogo, minyoo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, na maji yakakosa pa kwenda. Lakini busha ni maji yanayojaa ndani ya utando unaoizunguka korodani, hata ukipapasa huipati korodani, wapata mfuko tu. Wewe waipata korodani yako, na kifuko wakikuta juu yake, kando. Picha nayo imesema hakuna maji yaliyozidi kuizunguka. Kuhusu babu, busha la matende halirithiwi kwa damu. Watu wa nyumba moja huumwa na mbu wa nyumba moja, basi huonekana kama limo katika ukoo. Kama moyo wako hautulii kwa hilo, omba kipimo cha damu cha antijeni ya minyoo ya matende. Hiki hufanywa saa yoyote, tofauti na kile cha zamani cha hadubini kilichotaka damu ya usiku wa manane, wakati vimelea wanapozunguka. Na usidhani vidonge vitakiyeyusha kifuko. Dawa tatu zilizogawiwa kwa pamoja huko Lamu mwaka 2018, yaani ivamektini, DEC na albendazoli, kazi yake ni kuua vimelea. Kifuko cha epididimisi hazikigusi.

Sasa nikuulize jambo ambalo katika barua yako umelichukulia kuwa limekwisha kujulikana. Nani amesema ule uzito unatoka kwenye kifuko? Kifuko cha milimita 14 mara nyingi hakimsumbui mwenyewe kwa lolote. Wewe wasikia uzito ukivuta nanga, unapanda kinenani, na ukilala chali waondoka. Hivyo ndivyo ngiri inayoanza inavyojionyesha: ukuta wa tumbo umelegea pale kinenani, na kila ukijikaza kitu chasukuma kutoka. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani nayo huleta uzito wa namna hiyo, ingawa hupenda zaidi upande wa kushoto. Vijiwe vya figo vyaweza kutuma maumivu hadi korodanini, na mtu anayeshinda juani baharini akinywa maji kidogo hujiweka karibu navyo, ila hivyo kwa kawaida huja kwa mkato mkali, haviji na nanga. Ukipigwa picha umelala na umetulia, ngiri ndogo na mishipa iliyovimba huweza kupita bila kuonekana.

Kwa hiyo daktari atakayekupima akupime umesimama. Aweke kidole kinenani, akuambie ukohoe, kisha akupapase ukiwa umejikaza kwa pumzi. Hayachukui dakika tano. Yana maana kubwa, kwa sababu ukipasuliwa kifuko na uzito ukawa unatoka kwenye ngiri, utaamka na mshono na uzito wako bado uko pale pale. Pima mkojo pia, hata kama wauona safi, kuondoa shaka ya maambukizi ya mrija.

Kuhusu uzazi, woga wako una pande mbili, na pande hizo si sawa. Kifuko chenyewe kwa kawaida hakizuii mtoto. Kimeota kandoni mwa njia, na mbegu zaendelea kupita. Matibabu ndiyo yanayoweza kuigusa njia hiyo, kwa sababu mrija ni mwembamba mno na kifuko kimeshikamana nao. Ukikatwa au ukifungwa na kovu, mbegu za upande huo hukwama. Hata hapo usione dunia imekwisha, kwani korodani moja yenye afya na njia iliyo wazi humtosha mwanamume kupata watoto, na yako ya kushoto haina neno. Lakini ndiyo sababu madaktari wengi wakimwona kijana asiye na mtoto bado, mwenye kifuko kidogo kisichomuuma, humwambia asubiri.

Kusubiri kuna namna yake. Ni mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu ngozi ikiwa imelegea, uibingirishe kila korodani polepole kati ya gumba na vidole viwili, utazame kama kifuko kimekua au kama kuna kitu kigumu kipya. Basi, mpaka mwezi ujao. Kujishika kila saa kunaumiza epididimisi, ikafanya maumivu ambayo nawe utayahesabu kuwa ugonjwa umezidi. Picha ya pili si lazima kwa kila mtu. Ukiitaka kwa utulivu wa moyo, baada ya miezi sita yatosha, na umuombe mpiga picha aandike ukubwa kwa milimita ili ulinganishwe na 14 kwa 11. Hatari ya njia hii ni kwamba chaweza kukua, na kikifika ukubwa wa korodani yenyewe kitakusumbua ukikaa na ukitembea. Hatari yake ya pili ni wewe mwenyewe: kama huwezi kulijua jambo na kuliacha likae, kusubiri kutakutesa, na hilo nalo lina haki ya kupimwa katika mizani.

Jambo moja lisisubiri hata saa, nalo nakuandikia hata kama halihusiani na kifuko. Maumivu makali ya ghafla korodanini, pamoja na kichefuchefu au korodani kupanda juu, yaweza kuwa korodani imejisokota na damu imekatika. Una kama saa 6 za kuiokoa. Ikitokea usiku, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje mashua ya asubuhi wala panado. Vile vile foromali ikikupiga pale ukavimba kwa kasi, au ukipata homa na ngozi ya pumbu ikawa nyekundu na ya moto.

Upasuaji, ambao rafiki yako wa Malindi ameupenda, ndio unaoondoa kifuko chenyewe na si maji tu. Unafanywa kwa ganzi ya mgongo au dawa ya usingizi, mara nyingi chini ya saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Daktari hupasua ngozi ya pumbu sentimita chache, huitoa korodani nje, hukibandua kifuko polepole kutoka kwenye epididimisi bila kukipasua, hufunga shina lake kwa uzi, kisha hurudisha kila kitu na kushona kwa nyuzi zinazoyeyuka. Sehemu ngumu ni ile ya kubandua. Kifuko kidogo chenye ukuta mwembamba hupasuka kwa urahisi, na kikipasuka ukuta wake ni vigumu kuufuata wote. Ukibaki, chaweza kuota tena.

Mambo yanayoharibika baadaye ni haya. La kwanza ni damu kujikusanya, kwa sababu nyama ya pumbu ni legevu na mshipa mdogo tu ukivuja hupata nafasi ya kujaza. Pumbu huvimba, hugeuka zambarau, na mara chache hubidi kufunguliwa tena. Kuna maambukizi ya mshono. Kuna maumivu yanayoganda kwa miezi, na kwa wachache hayaondoki, tena huwapata hata watu ambao kabla ya kisu hawakuwa na maumivu. Na kuna lile la mrija kuzibika.

Kwa mtu wa mashua, siku za kupona zataka mpango. Siku mbili za kwanza ni kulala, chupi ya kubana iliyotiwa kitambaa safi ndani kuinua pumbu, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 kila baada ya saa chache. Barafu isiguse ngozi tupu. Kuoga kwa kujimwagia baada ya siku mbili ikiwa daktari amekubali, lakini bahari hapana mpaka mshono ufunge kabisa. Nanga, mifuko ya mchanga, foromali na baiskeli ziwekwe kando wiki nne. Tendo la ndoa nalo lingoje, wiki mbili hadi nne. Uvimbe mgumu kuzunguka mshono waweza kukaa hata miezi miwili au mitatu kabla ya kulainika, na ukiugusa utadhani kifuko kimerudi.

Hapo ndipo tarehe yako inapoingia. Ukiamua kisu na kikafanyika sasa, Mfungo Nane au Tisa, una nafasi ya kupona kabla ya Mfungo Mosi. Ukisogeza hadi Shaabani, waweza kuingia nyumba ya harusi na uvimbe wa mshono ulio mkubwa kuliko hicho kifuko unachotaka kukificha, na Ramadhani ikukute kwenye dawa. Lakini nakuomba ujiulize pia, ndugu yangu, haraka hii ni ya nani? Kifuko hakina tarehe. Waweza kupasuliwa baada ya mwaka, au ukishapata watoto wako, au usipasuliwe kamwe. Ukiona kwamba bila harusi usingelifikiria kisu, hilo ni jambo la kuliangalia. Na ukiona kwamba hata bila harusi ungetaka kitoke, hilo nalo ni jibu lenye heshima yake.

Sindano ya shilingi elfu sita ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Maji yakivutwa, ukuta unaoyatengeneza umebaki mzima, basi hujaa tena baada ya wiki au miezi. "Inategemea" ni jibu fupi mno kwa mtu anayetoa pesa na mwili wake. Sindano hutoboa mishipa ya damu, huingiza vijidudu, na kama ndani mna mbegu zikavuja nje, mwili hupambana nazo na mahali pale hupata uvimbe wa maumivu. Makovu yake huweza kufanya upasuaji wa baadaye uwe mgumu zaidi. Na kama kinenani kuna ngiri ambayo hakuna aliyeitafuta, kuchoma sindano bila picha ni hatari ya namna nyingine kabisa. Kuna wanaochanganya na dawa ya kugandisha ukuta ili maji yasirudi. Dawa hiyo yaweza kuuziba mrija, na kwa mtu anayetaka watoto madaktari huikwepa. Sindano ina watu wake: wazee waliokwisha kuzaa, ambao hawawezi kubeba dawa ya usingizi. Kama bado waifikiria, muulize anayekuchoma atafanya kwa kuongozwa na altrasaundi au la, ataweka dawa gani, na damu ikijikusanya usiku utampigia nani.

Kuumikwa mgongoni ni jambo moja, kutobolewa pumbu ni jingine. Kifuko kiko nyuma ya ngozi na tabaka kadhaa za utando. Kikombe kitavuta damu ya ngozi tu, kifuko hakitasikia. Wembe usiosafishwa waweza kukuletea pepopunda, homa ya ini aina ya B au virusi vya Ukimwi, na maambukizi ya ngozi ya pumbu huenea haraka kwa sababu ya ule ulegevu niliokutajia. Ami usimvunjie heshima. Mwonyeshe karatasi, mwambie "ami, korodani naipata, maji hayakuizunguka." Ni mtu wa pwani, tofauti hiyo ataielewa.

Labda watu watakushauri upime manii kabla ya ndoa. Kipimo kipo. Mtu hujizuia siku 2 hadi 7, sampuli hufika maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, na kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni mililita 1.4 kwa ujazo na mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Lakini kifuko peke yake si sababu ya kupima. Kama unaamua kupasuliwa, hapo kipimo cha kabla kina faida, ili pakitokea shaka baadaye ujue ulianzia wapi. Namna ya kuitoa sampuli kwa kijana ambaye hajaoa yaweza kukupa uzito wa dini. Zungumza na shekhe unayemwamini, na ujue kwamba baada ya nikaha kuna mipira maalumu (kondomu) isiyo na dawa ya kuua mbegu inayotumiwa kwa kazi hiyo nyumbani.

Sasa mchumba wako. Umeandika kana kwamba una kasoro na swali ni kuificha au kuitangaza. Tazama tena ulicho nacho: kifuko cha milimita 14, kisichoambukiza, kisichozuia tendo la ndoa, ambacho kwa kawaida hakizuii mtoto. Sheria ya kueleza aibu kabla ya nikaha ina wenyewe, na kama dhamiri yakusumbua, kadhi au shekhe atakujibu kwa siri bila kukuuliza jina. Mimi naweza kukueleza tu kila njia ina nini mbele yake. Ukinyamaza, atakigusa siku moja, naye hatakuwa na karatasi wala maelezo, atakuwa na hofu ile ile uliyokuwa nayo wewe na tochi yako. Ukisema, neno laweza kusafiri mpaka kwa mama yake likifika limekwisha kuwa busha. Kati ya hapo kuna namna ya kumwambia yeye mwenyewe, kwa mpango unaoruhusiwa kwenu, ukiwa umekwisha kuonana na daktari na una maneno kamili mkononi, kwa mfano: "Nilipimwa, nina kifuko kidogo cha maji kando ya korodani, si busha, daktari amesema hakizuii mtoto, nikaona ulijue kwangu kabla ya kulijua vingine." Maneno haya hayana mlango wa uvumi kama "nina tatizo, nitakueleza." Wewe ndiye unayemjua: ni mtu wa kuweka siri, au ni mtu ambaye hawezi kulala bila kumwambia mamaye? Barua yako haikusema.

Kabla ya yote hayo, ulizia Hospitali ya King Fahd hapo Lamu ni siku gani kliniki ya upasuaji, au kama waenda Malindi kwa shughuli zako, hospitali ya pale. Nenda na karatasi pamoja na picha zenyewe, si maelezo tu. Kama una SHA, yaani bima ya afya ya serikali, uliza kabla ya kupangiwa tarehe ni kiasi gani kitalipwa na kipi utatoa mfukoni. Muulize daktari wa upasuaji amekwisha kuondoa vifuko vya namna hii vingapi, na kwa mtu ambaye hajazaa yeye hupendelea nini na kwa nini. Kisha niandikie alichokikuta kinenani uliposimama na kukohoa, maana akikuta ngiri, mpango wa kisu unabadilika, na uzito wa nanga utakuwa umepata mwenyewe.